Dakika za Ziada: Ushauri kwa Mnunuzi wa Filamu za Nyimbo Zilizorejeshewa Vipande

Filamu ya nyimbo, yaani ile ambayo wahusika wake huimba na kucheza ili hadithi isonge mbele, ni aina ya sinema iliyoonja sana makali ya mkasi hata baada ya kukamilika, kwa sababu wimbo humwonekea mwenye studio kuwa kitu kinachoweza kuondolewa bila hadithi kuporomoka. Ndiyo maana mtu anayetafuta filamu kongwe za namna hiyo zilizotengenezwa Marekani, iwe kwenye DVD au Blu-ray, hukuta matoleo mawili au matatu yenye jina moja, yakitofautiana kwa dakika ishirini hata arobaini, na kila kasha likidai kwamba kilichomo ndani ndicho kamili. Ushauri unaotolewa hapa unasimama juu ya jambo moja: kabla ya kuhesabu dakika zilizoongezwa, mnunuzi aulize zilitolewa na nani, zilipatikana zikiwa na hali gani, na pale ambapo hazikupatikana, pengo limezibwa kwa nini.

Kuna maneno mawili ambayo wauzaji huyachanganya na ambayo mnunuzi anapaswa kuyatenganisha tangu mwanzo. Ukarabati ni kuiponya picha iliyopo: kufuta mikwaruzo, kurudisha rangi zilizopauka, na kunakili upya kwa njia ya kidijiti negativu, yaani ule ukanda uliopita ndani ya kamera yenyewe. Urejesho ni kuingiza tena vipande vilivyokatwa. My Fair Lady ya mwaka 1964 ilikarabatiwa mwaka 1994 na Robert A. Harris na James C. Katz, ikakarabatiwa tena kwa ajili ya Blu-ray ya mwaka 2015, lakini haikuongezewa wimbo wowote; anayeinunua akitarajia kitu kipya ataiona filamu ileile, isipokuwa sasa ataweza kufuatilia mishono ya nguo alizobuni Cecil Beaton. Kinyume chake, filamu iliyorejeshwa inaweza kuonekana chakavu kuliko ile fupi, kwa sababu vipande vilivyorudi havikutunzwa pamoja na vingine. Kasha lenye neno moja tu la sifa halijasema ni kazi ipi kati ya hizo mbili iliyofanyika.

Chanzo cha matoleo haya mengi ni namna filamu kubwa zilivyokuwa zikionyeshwa hadi kuelekea mwanzoni mwa miaka ya 1970. Filamu ilianza katika miji michache, kwenye jumba moja la kila mji, kwa onyesho moja au mawili kwa siku, na tiketi zenye namba za viti ziliuzwa mapema kama za tamthilia. Muziki wa ufunguzi ulipigwa kabla ya picha kuanza, kulikuwa na mapumziko katikati, na baada yake muziki mwingine uliwaita watu warudi vitini. Filamu hiyohiyo ilipofika kwenye majumba ya kawaida, wenye majumba walitaka maonyesho mengi zaidi kwa siku moja, na hapo mkasi ukaanza kazi. Kwa hiyo sehemu ya dakika zinazotangazwa kuwa zimerudi huwa ni muziki tu juu ya kioo cheusi au picha isiyosogea. Hiyo si hitilafu ya deki wala ya diski, na yeyote anayekusudia kumrudishia muuzaji bidhaa yake kwa sababu hiyo asubiri dakika nne au tano kwanza.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa karibu kuliko yote ni A Star Is Born ya mwaka 1954, iliyoongozwa na George Cukor, ambamo Judy Garland ni mwimbaji Esther Blodgett, na James Mason ni Norman Maine, mwigizaji mashuhuri anayemwinua Esther huku mwenyewe akizama katika ulevi. Filamu ilizinduliwa Hollywood mwishoni mwa Septemba mwaka huo ikiwa na dakika 181, ikasifiwa, na wiki chache baadaye studio ya Warner ikaipunguza hadi dakika 154 bila Cukor kushiriki, wakati yeye akiwa Bara Hindi akitafuta mahali pa kupigia filamu yake iliyofuata, Bhowani Junction. Kilichotolewa ni nyimbo mbili nzima pamoja na maonyesho ya mwanzo yanayoeleza jinsi Norman na Esther walivyopotezana kabla ya Esther kupata kazi studio. Kilichoachwa ni wimbo mrefu wa kifahari, Born in a Trunk, ambao ulipigwa mwishoni kabisa, Cukor akiwa hayupo, chini ya Richard Barstow. Mkasi uliokusudia kuokoa muda ulikata alichokipiga mwongozaji na kubakiza asichokipiga, na ni vyema jambo hili likumbukwe kila neno mwongozaji linapoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ronald Haver, msimamizi wa filamu katika Los Angeles County Museum of Art, alianza kupekua maghala ya Warner. Alipata sauti ya filamu nzima ya dakika 181; alipata pia picha za nyimbo zote mbili zilizokuwa zimeondolewa, pamoja na vipande vingine vilivyotawanyika; lakini picha za maonyesho kadhaa hazikupatikana. Sauti ikiwepo na picha ikikosekana, Haver alichukua picha mnato, yaani zile zilizopigwa na mpigapicha wa studio wakati wa utengenezaji, akazipanga kufuata mazungumzo. Toleo hilo la dakika 176 lilionyeshwa Radio City Music Hall, New York, tarehe 7 Julai 1983. Cukor hakuliona, kwa kuwa alifariki dunia tarehe 24 Januari mwaka huohuo.

Anayelitazama kwa mara ya kwanza hushtuka katika nusu ya kwanza ya filamu. Picha zinazotembea hukoma ghafla. Zinakuja picha zilizoganda, kamera ikisogea taratibu kuuelekea uso wa Garland au ikirudi nyuma kuonyesha chumba, huku sauti za waigizaji wawili zikiendelea kama kwamba hakuna lililotokea, zikisikika na pumzi zake na vicheko vyake. Kisha, bila tangazo lolote, watu wanaanza kutembea tena. Wapo wanaoudhika na njia hii na kusema kwamba inaivunja ndoto ya sinema. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa anayetazama na watoto au na wageni wasiojua historia yake. Hata hivyo njia ya Haver inastahili kutetewa, kwa kuwa mshono unaoonekana haumdanganyi mtu, na sauti ya Garland peke yake hubeba maonyesho hayo vizuri kiasi kwamba kuyakosa kusingeweza kusamehewa. Mwenyeji anayewaalika wenzake kutazama filamu hii awaambie mapema kuhusu sehemu hiyo, na asiiruke. Maonyesho hayo yanaeleza kwa nini Esther, baada ya kuachwa akingoja bila habari, bado anamwamini Norman, jambo ambalo katika toleo la dakika 154 linabaki kama fumbo.

Miongoni mwa yaliyorudi yakiwa na picha zake kamili ni onyesho la studio ya kurekodia, ambapo Norman anamposa Esther kwa kunong'ona wakati wa mapumziko ya kurekodi wimbo, bila kujua kwamba kipaza sauti kimefunguliwa, na posa hiyo inasikilizishwa tena mbele ya wapigaji wote wa okestra. Ni dakika chache tu, lakini ndizo zinazowaonyesha wawili hao wakiwa na furaha, na anguko linalofuata halina uzito uleule kwa asiyeziona. Kwa filamu hii ushauri hauna masharti: linunuliwe toleo la dakika 176, ambalo limo kwenye DVD ya mwaka 2000 na kwa picha safi zaidi kwenye Blu-ray ya mwaka 2010.

Si kila filamu inatoa jibu jepesi hivyo. Filamu ya 1776, iliyotoka mwaka 1972 na kuongozwa na Peter H. Hunt, inasimulia kwa nyimbo mabishano ya wajumbe waliotangaza uhuru wa Marekani, na mtayarishaji wake alikuwa Jack L. Warner, mtu yuleyule aliyekuwa mkuu wa studio A Star Is Born ilipokatwa. Katika historia ya filamu za nyimbo, jina hilo linakutwa kwenye maeneo ya ajali mara nyingi kiasi. Wimbo uitwao Cool, Cool, Considerate Men, unaowakejeli wajumbe matajiri wasiotaka mabadiliko, uliondolewa, na waliohusika wamesimulia kwamba Warner aliuondoa kumridhisha rafiki yake, Rais Richard Nixon. Filamu ikaingia sinema ikiwa na dakika 141. Mwaka 1992 ilitoka kwenye diski ya leza, ile sahani ya kung'aa yenye upana wa sentimita 30 iliyotangulia DVD, ikiwa imefikishwa karibu saa tatu; mwaka 2002 Hunt mwenyewe alisimamia DVD yenye takribani dakika 166, fupi kuliko diski ya leza, na Blu-ray ya mwaka 2015 ikaja na toleo lake pamoja na jingine refu kidogo.

Hapo mnunuzi anaona kwamba lililo refu kuliko yote silo alilolichagua mwongozaji alipopewa nafasi ya kuchagua. Diski ya leza ilikusanya kila kilichopatikana, pamoja na vipande vyenye picha hafifu, kama mtu anayeokoa vyombo nyumba ikiungua, ilhali DVD ilichambua. Kwa anayetaka kuitazama filamu jioni moja na familia, toleo la Hunt linatosha na linazidi. Anayeandika kuhusu filamu hiyo, au anayefundisha, anahitaji yote mawili.

Tena kuna ukataji ambao mwongozaji aliukubali mwenyewe. Frank Oz aliikamilisha Little Shop of Horrors ya mwaka 1986 kwa mwisho wa dakika 23 ambamo mmea unaokula watu unawameza wapenzi wawili wakuu, kisha mimea mingine kama huo inaibomoa New York, kazi iliyofanywa kwa majengo madogo ya mfano na kugharimu takribani dola milioni 5. Watazamaji wa majaribio walichukia kuona wahusika waliowapenda wakifa, na kwa wale waliozoea sinema ambamo stelingi hafi, chuki hiyo inaeleweka. Oz akapiga mwisho mpya wa furaha. DVD ya mwaka 1998 iliweka ule wa kwanza kama nyongeza, ukiwa wa rangi nyeusi na nyeupe na haujamalizika, na mtayarishaji David Geffen akaagiza diski hizo ziondolewe madukani. Mwaka 2012 mwisho huo ulirejeshwa kwa rangi na kutolewa kwenye Blu-ray pamoja na filamu kama ilivyojulikana. Inashauriwa kulitazama kwanza toleo la sinema la dakika 94, kisha lile la dakika 103 siku nyingine, kwa sababu mwisho wa maangamizi unaonekana kuwa ujasiri kwa anayeujua ule mwingine, na ukatili mtupu kwa asiyeujua.

Baada ya swali la nani alikata, huja maswali ya kifundi, na la kwanza ni la hesabu. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini televisheni ya mfumo wa PAL, uliotumika Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya Ulaya, ilionyesha 25, na DVD za mfumo huo kwa kawaida huiendesha filamu haraka kidogo ili hesabu zilingane. Filamu ya dakika 176 humalizika kwa takribani dakika 169 bila kukatwa hata neno. Kwa hiyo mnunuzi anayelinganisha DVD ya Marekani na ya Uingereza asikimbilie kuamini kwamba dakika saba zimeibwa. Hasara iko kwingine: mwendo ukiongezeka kwa asilimia 4, sauti nayo hupanda kwa kiasi kinachokaribia nusu toni, isipokuwa watengenezaji wawe wameirekebisha, na katika filamu inayoishi kwa uimbaji hilo si jambo dogo. Mwenye sikio la muziki ataihisi sauti ya Garland kuwa nyembamba kidogo kuliko ilivyo kwenye rekodi. Blu-ray inaweza kuhifadhi mwendo wa picha 24, na hiyo pekee ni sababu ya kutosha kuichagua palipo na uwezo.

La pili ni upana wa picha. A Star Is Born ilipigwa kwa CinemaScope, mfumo wa picha pana ambao upana wake ulizidi kimo kwa zaidi ya mara mbili na nusu, ilhali televisheni za zamani zilikaribia umbo la mraba. Kanda za VHS zilizojaza kioo chote zilifanya hivyo kwa kukata pembeni, hata karibu nusu ya picha ikapotea, na katika filamu za dansi maana yake ni wachezaji watatu kuonekana mahali walipokuwa sita. Mkanda wa namna hiyo unaweza kuwa na dakika zote zilizorejeshwa na bado ukawa umekatwa vibaya kuliko toleo fupi. Vipande vyeusi juu na chini ya picha visimsumbue mtu. Ndivyo vinavyoulinda upana.

Ipo hata filamu isiyo na toleo moja linaloweza kuitwa la asili. Oklahoma! ya mwaka 1955, iliyoongozwa na Fred Zinnemann, ilipigwa mara mbili: kwa Todd-AO, mfumo wa ukanda mpana uliokwenda kwa picha 30 kwa sekunde, na kwa CinemaScope, kwa ajili ya majumba ambayo mashine zake hazikuuweza ule wa kwanza. Maonyesho mengi yalirudiwa kwa kila mfumo, hivyo mwigizaji anageuza shingo hapa na hageuzi kule. DVD ya mwaka 2005 iliyaweka yote mawili pamoja, nayo ni ununuzi bora kwa anayependa kulinganisha.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki habari hizi si ngeni kabisa, kwa kuwa filamu za nyimbo zilizojaza majumba ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa kwa sehemu kubwa za Kihindi, na waimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo walizichukua tuni zake na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Mughal-e-Azam ya K. Asif, iliyotoka mwaka 1960 ikiwa na dakika 197 na kupigwa zaidi kwa rangi nyeusi na nyeupe, ilitiwa rangi yote mwaka 2004, na katika kutiwa rangi ikapunguzwa hadi takribani dakika 177. Hapa kinachoonekana kama nyongeza kimekuja na upungufu ndani yake, na anayetaka filamu ya Asif atafute ile isiyotiwa rangi. Sholay ya mwaka 1975, kwa upande wake, ilirudishiwa mwisho wake wa kwanza, uliokuwa umekataliwa na bodi ya ukaguzi, katika nakala ya dakika 204 iliyokarabatiwa na Film Heritage Foundation na kuonyeshwa Bologna, Italia, mwaka 2025.

Kuhusu mashine, msimbo wa eneo ndio unaowaudhi wengi. Msimbo huu ni alama iliyofichwa ndani ya diski inayoizuia kuchezwa na deki ya eneo jingine. Kwa DVD, Marekani ni eneo la 1, Ulaya Magharibi na nchi za Ghuba ni la 2, na Kenya, Tanzania, Uganda na jirani zake ni la 5. Deki nyingi za bei nafuu hazijali msimbo huo. Kwa Blu-ray hali ni ngumu zaidi, lakini Afrika, Ulaya na Ghuba zote ziko eneo B, hivyo diski iliyotumwa na ndugu kutoka Muscat au London itacheza Mombasa, wakati ile ya New York, ikiwa imefungwa kwa eneo A, haitacheza. Diski za 4K hazina msimbo.

Jambo la mwisho linahusu diski za zamani. Bedknobs and Broomsticks ya mwaka 1971, yenye nyimbo za ndugu wawili Richard na Robert Sherman, ilipunguzwa kutoka kama dakika 141 hadi 117 ili iingie katika ratiba ya Radio City Music Hall. Mwaka 1996 ilirejeshwa hadi dakika 139. Sauti za baadhi ya vipande zilikuwa zimepotea, hivyo waigizaji Angela Lansbury na Roddy McDowall wakarudi studio kujirekodi upya robo karne baadaye, huku wengine wakipewa sauti za watu wengine, na sikio makini hulitambua badiliko hilo katikati ya sentensi. Wimbo mmoja, A Step in the Right Direction, picha yake haikupatikana. Toleo hilo la dakika 139 lilikuwemo kwenye DVD ya mwaka 2001. Blu-ray ya mwaka 2014, yenye picha safi kuliko zote, ilirudi kwenye dakika 117 na kuyaweka yaliyokatwa kando, miongoni mwa nyongeza. Mwenye DVD ile ya kwanza, hata ikiwa na mikwaruzo, asiigawe kwa sababu tu amenunua mpya. Kwanza asome dakika zilizoandikwa nyuma ya makasha yote mawili, kisha aweke onyesho la soko la Portobello Road kwenye kila moja na kuhesabu linavyodumu.